Kukusanya vitabu vya picha na kuvifaidi: mwongozo wa hatua kwa hatua

Picha tunaziona kutwa kucha. Zinapita kwenye simu mbiombio, na ikifika jioni huwezi kutaja hata moja uliyoiona asubuhi. Kitabu cha picha kinakudai kitu kingine. Kuna mtu aliyekaa na maelfu ya picha, akabakiza thelathini au themanini, akazipanga, akaamua ipi iwe kubwa na ipi ndogo, ukurasa upi ubaki mtupu, karatasi iwe ya aina gani. Unaponunua kitabu, unanunua maamuzi hayo yote, na raha yake inaanza siku unapoanza kuyaona.

Kazi hii ina umri karibu sawa na upigaji picha wenyewe. Mwaka 1843 Anna Atkins wa Uingereza alianza kutoa sehemu za kitabu chake cha mwani, kila ukurasa ukiwa na picha ya buluu iliyochapwa kwa mwanga wa jua. Mwaka uliofuata William Henry Fox Talbot akaanza kutoa The Pencil of Nature, picha zikiwa zimebandikwa kurasani kwa mkono. Kuanzia hapo vimetoka vingi mno, na hakuna anayeweza kuwa navyo vyote. Ndiyo maana mtu anahitaji utaratibu.

Nimeupanga mwongozo huu kwa hatua. Ya kwanza ni ndefu kuliko nyingine, kwa sababu ndiyo inayorukwa na wengi.

Hatua ya 1: Jifunze kukisoma kabla ya kukinunua

Tafuta maktaba yenye rafu ya sanaa, au rafiki mwenye vitabu viwili vitatu, au duka linaloruhusu mteja kukaa na kitabu. Chukua kimoja tu. Kaa mezani penye mwanga wa kutosha, maana kitabu cha picha hakisomwi vizuri umelala chali.

Mara ya kwanza kipitie kuanzia jalada hadi jalada bila kusoma neno hata moja. Dibaji iache, maelezo ya picha yaache. Usiruke kurasa, na usianzie katikati, ingawa mkono utataka kufanya hivyo. Unatafuta mwendo: wapi kinakwenda haraka, wapi kinakusimamisha, wapi umechoka.

Mara ya pili angalia majirani. Kila picha ina iliyotangulia na inayofuata, na mara nyingi ina mwenzake ng'ambo ya pili ya mkunjo wa katikati. Jiulize kwa nini hizi zimewekwa pamoja. Huenda ni umbo linalofanana, au rangi, au kiganja cha mkono kinachojirudia. Huenda zinabishana.

Mfano mzuri wa kujifunzia ni The Americans cha Robert Frank. Frank alikuwa mzaliwa wa Uswisi, akapata ruzuku ya Guggenheim, taasisi ya Marekani inayofadhili wasanii na wasomi, mwaka 1955 na kuzunguka Marekani kwa gari. Katika picha karibu 28,000 alizopiga, kitabuni zimeingia 83. Kuna mahali utakuta gari limeegeshwa chini ya mitende, limefunikwa gubigubi kwa kitambaa kinachong'aa. Funua ukurasa: kando ya barabara kuna mwili wa mtu aliyepata ajali, umefunikwa blanketi, na watu wamesimama wakiutazama. Funua tena: barabara tupu imenyooka mpaka upeo wa macho. Hakuna sentensi inayokuambia unganisha kitambaa na blanketi, wala blanketi na barabara. Macho yanaunganisha yenyewe, na ukizitazama picha hizo tatu mbalimbali, kila moja peke yake ukutani, jambo hilo halitokei kabisa. Ukishaliona hapo, utaanza kulitafuta katika kila kitabu utakachofungua.

Mara ya tatu, sasa soma maandishi. Kuna vitabu ambavyo maneno yake ni pambo, na kuna vingine ambavyo bila maneno umepoteza nusu. House of Bondage cha Ernest Cole kimo katika kundi la pili. Cole aliondoka Afrika Kusini mwaka 1966 akiwa na picha alizopiga chini ya ubaguzi wa rangi, kitabu kikatoka New York mwaka 1967, na nyumbani kwake kikapigwa marufuku. Ndani yake kuna wanaume waliopangwa mstari wakiwa uchi, wameelekea ukutani, mikono juu, wakikaguliwa afya kabla ya kupelekwa migodini. Picha inatosha kukunyamazisha. Lakini Cole amekipanga kitabu kwa sura, ya migodi, ya shule, ya treni zilizosongamana, na ukisoma anavyoeleza mfumo ulivyofanya kazi unaelewa kwamba wanaume wale hawakuwa na njia nyingine ya kupata riziki. Ukikiangalia bila kukisoma, umemsikiliza Cole nusu.

Fanya hivi kwa vitabu vitano au sita kabla ya kutoa fedha yoyote. Utashangaa jinsi ladha yako inavyobadilika. Kitabu kilichokuvutia dukani kwa sababu ya jalada kitakuchosha mara ya pili, na kile kilichoonekana hakina kitu kitakurudia kichwani siku mbili baadaye. Hicho cha pili ndicho cha kununua.

Hatua ya 2: Jiwekee njia

Anayenunua kila kizuri anachokiona atajaza rafu upesi na hatajua ana nini. Chagua jambo moja unalolijali na ulifuate. Linaweza kuwa nchi, kipindi, mji, mpigapicha mmoja na wale waliomwathiri, au mada kama kazi, familia, bahari. Wengine hufuata wachapishaji, wengine hufuata vitabu vya kwanza vya wapigapicha.

Ukiwa na njia, vitabu vinaanza kuzungumza. Anayefuata picha za barabarani atataka kukiweka The Decisive Moment cha Henri Cartier-Bresson, kilichotoka mwaka 1952 na jalada lililobuniwa na Henri Matisse, karibu na kile cha William Klein kuhusu New York kilichotoka mwaka 1956. Cha kwanza kimetulia, kila picha imekaa mahali pake kwa kipimo. Cha pili kina fujo makusudi: chembechembe, ukungu, nyuso zilizobanwa kwenye kingo za ukurasa. Miaka minne tu inavitenganisha. Ukivifungua kwa pamoja mezani utajifunza zaidi kuliko katika kozi nyingi.

Kuna pia vitabu vilivyoandikwa kuhusu vitabu vya picha. Kinachojulikana zaidi ni The Photobook: A History cha Martin Parr na Gerry Badger, juzuu tatu zilizotoka mwaka 2004, 2006 na 2014. Vitumie kama ramani. Hatari yake ni kuvigeuza orodha ya manunuzi, maana kila kilichotajwa humo hutafutwa na kila mtu na bei hupanda. Mwenye jicho lake mwenyewe hupata vitabu vizuri ambavyo bado havijatajwa popote.

Hatua ya 3: Kikague kitabu kama kitu cha mkononi

Hapa unahitaji lenzi ndogo ya kukuzia na dakika chache.

Anza na wino. Vitabu vingi huchapwa kwa ofseti, njia ya kawaida ya viwandani, na ukiweka lenzi juu ya picha utaona nukta. Picha ya nyeusi na nyeupe iliyochapwa kwa wino mweusi peke yake mara nyingi huonekana imepauka, na giza lake halina kina. Wachapaji wazuri hupitisha wino mara mbili au tatu, mweusi na kijivu, ndipo vivuli vikapata uhai. Vitabu vingi vizuri vya zamani vilichapwa kwa fotogravuri, yaani kwa chuma chenye vishimo vidogo vinavyobeba wino. Humo weusi ni mzito, kama makaa, na ukitumia lenzi huoni nukta zile zilizozoeleka. Angalia sehemu zenye giza zaidi. Kama nywele nyeusi za mtu na koti lake jeusi vimekuwa doa moja, uchapaji ni mbaya au picha ya kuchapia ilikuwa mbaya, isipokuwa pale mpigapicha alipotaka iwe hivyo. Wapigapicha wa Kijapani wa miaka ya 1960 na 1970, kama Daido Moriyama, walitaka hivyo kwa makusudi.

Kisha jalidi. Kitazame kitabu kwa juu, pale kurasa zinapoungana na mgongo. Ukiona vifungu vya kurasa vilivyokunjwa na kushonwa kwa uzi, kitabu kitadumu na kitafunguka vizuri. Ukiona kurasa moja moja zilizogandishwa kwa gundi, jihadhari: baada ya muda gundi hukauka, mgongo hukatika, na kurasa huanza kutoka. Kifungue pia mahali ambapo picha moja imetandazwa kurasa mbili. Kama uso wa mtu umezama kwenye mkunjo, mbunifu alilala kazini, na utaudhika kila utakapofika hapo.

Mwisho, ona mikono yako inafanya nini. Kuna vitabu ambavyo namna ya kuvifungua ni sehemu ya maana yake. Chizu cha Kikuji Kawada, kilichotoka Japani mwaka 1965, kina kurasa zilizokunjwa zinazofunguka kushoto na kulia kama milango. Nje ya mkunjo kuna picha, unafungua, ndani kuna nyingine: madoa ya kuta za jengo lililobaki limesimama Hiroshima baada ya bomu, mabaki ya vita, chupa zilizopondeka. Msomaji anafukua kwa mikono yake mwenyewe. Kwenye skrini kitabu hicho hakipo.

Hatua ya 4: Amua kati ya chapa ya kwanza na chapa mpya

Hapa fedha nyingi hupotea, kwa hiyo niseme wazi ninavyoona: msomaji anunue chapa mpya iliyotengenezwa vizuri, na asione haya. Chapa ya kwanza ni ya yule anayehitaji kitu cha kihistoria na anajua kwa nini anakihitaji.

Kitabu cha Cartier-Bresson nilichokitaja hakikuchapwa tena kwa zaidi ya miaka 60, mpaka wachapishaji Steidl wa Ujerumani walipokirudisha mwaka 2014. Ravens cha Masahisa Fukase kilitoka Japani mwaka 1986, na MACK wa London wakakitoa upya mwaka 2017. House of Bondage kilirudishwa na mchapishaji Aperture mwaka 2022, tena kikiwa na sura moja ya picha ambazo hazikuwamo mwaka 1967. Katika mfano huo wa mwisho chapa mpya inakupa kitu ambacho ya kwanza haina.

Lakini usidhani matoleo yote ya kitabu ni kitabu kilekile. The Americans kilitoka kwanza Paris mwaka 1958 kwa mchapishaji Robert Delpire, na huko picha zilikabiliana na maandishi ya watu mbalimbali kuhusu Marekani. Toleo la Marekani la mwaka 1959 liliyaondoa maandishi hayo, likaweka utangulizi wa mwandishi Jack Kerouac, na kuacha ukurasa wa kushoto karibu mtupu. Picha ni zilezile. Kitabu cha kwanza kinasomeka kama ripoti kuhusu nchi, cha pili kama shairi. Kabla ya kununua toleo lolote, uliza kilichobadilika: idadi ya picha, mpangilio, ukubwa, karatasi, namna zilivyokatwa kingo.

Kutambua chapa, fungua ukurasa wa hakimiliki. Wachapishaji wengi huweka mstari wa namba, kwa mfano 10 9 8 7 6 5 4 3. Namba ndogo kuliko zote iliyobaki ndiyo chapa uliyonayo, hapa ya tatu. Wengine huandika wazi, wengine hawaandiki kitu. ISBN, namba ya kimataifa ya kutambulisha kitabu, ya tarakimu 13 ilianza kutumika rasmi mwaka 2007, kwa hiyo kitabu kinachodaiwa kuwa cha mwaka 1975 huku ukurasa wake wa hakimiliki ukiwa na namba hiyo ni chapa ya baadaye.

Hatua ya 5: Kununua kilichotumika bila kuuziwa mbuzi kwenye gunia

Vitabu vingi vya picha huchapwa nakala chache na kuisha. Twentysix Gasoline Stations cha Ed Ruscha kilianza na nakala 400 tu. Kwa hiyo soko la vilivyotumika utalizoea, upende usipende.

Unaponunua kwa mbali, omba picha za mambo haya: jalada mbele na nyuma, mgongo, pembe nne, ukurasa wa hakimiliki, kitabu kikiwa kimefunguliwa katikati, na kasoro yoyote kwa karibu. Muulize muuzaji kama kina jalada la juu la karatasi na kama ni la kitabu hichohicho. Kwa vitabu vya zamani karatasi hiyo inayochanika kirahisi inaweza kubeba sehemu kubwa ya thamani. Muulize kama kurasa zote zipo, kwa sababu kuna watu hukata picha na kuzitia fremu. Muulize kuhusu harufu. Harufu ya uvundo ni ukungu, na ukungu ukiingia kwenye rafu yako hauchagui. Muuzaji anayejibu kwa uchovu au anayetuma picha moja yenye giza, mwache.

Nakala iliyotoka maktaba, yenye mihuri na mfuko wa kadi nyuma, ni nafuu, na kwa anayetaka kusoma ni bahati. Saini ya mpigapicha inapendeza, ila haiboreshi picha hata moja. Ukinunua ili bei ipande baadaye, ujue unacheza mchezo mwingine kabisa. Wapo wanaoufaulu, na wengi wamebaki na maboksi ambayo hawajayafungua.

Usidharau vipya vya wapigapicha wasiojulikana wanaojichapishia wenyewe. Mwaka 2012 Cristina de Middel alichapisha mwenyewe nakala 1,000 za The Afronauts, kitabu kilichotokana na ndoto ya Zambia ya kupeleka watu angani miaka ya 1960. Kiliisha haraka, na bei yake ikaruka. Waliokipata kwa bei ya mwanzo ni wale waliokuwa wanaangalia kazi mpya.

Hatua ya 6: Kitunze

Adui wa kwanza ni unyevu. Karatasi inayong'aa ya vitabu vya picha imepakwa udongo laini, na ikilowa kisha ikakauka, kurasa hugandana kama tofali na hazitenganishwi tena. Kitabu kikilowa, usingoje. Weka karatasi ya kunyonya maji kati ya kurasa mojamoja zikiwa bado mbichi, uzibadilishe mara kwa mara, na ukielekeze feni. Kama ni vingi kuliko unavyoweza kuvihudumia siku hiyo, vifunge kwenye mifuko ya plastiki na uvitie kwenye friza. Baridi itakupa muda wa kutafuta mtaalamu. Ukungu unaweza kuanza ndani ya siku mbili.

Siku za kawaida, acha nafasi kati ya rafu na ukuta ili hewa ipite, hasa ukuta wa nje. Unyevu wa asilimia 35 hadi 50 ndio unaofaa. Kipimo kidogo cha unyevu hakigharimu sana na kitakuambia kama chumba kinahitaji mashine ya kukausha hewa. Jua lisifike kwenye migongo, maana nyekundu na njano hupauka upesi.

Vitabu vya kawaida visimame wima, visibanwe wala visiegemee. Vikubwa na vizito vilale, viwili au vitatu, kimoja juu ya kingine, visizidi hapo. Ukikitoa kwenye rafu, usivute kwa juu ya mgongo. Sukuma vya jirani ndani kidogo, kisha ushike katikati. Jalada la karatasi livishe plastiki safi ya poliesta. Plastiki ya PVC iepuke, hiyo hunata na kuharibu wino. Glovu za pamba hazihitajiki: mikono iliyonawa, ikakauka, isiyo na mafuta, inashika ukurasa vizuri zaidi.

Hatua ya 7: Andika

Daftari au faili moja ya kompyuta inatosha. Jina, mwaka, mchapishaji, chapa, umekipata wapi, hali yake, na sentensi mbili za ulichokiona siku hiyo. Sentensi hizo ndizo zitakazokuwa na thamani kwako baada ya miaka kumi. Piga pia picha za vitabu vya bei kubwa na uziweke mahali pengine, isije nyumba ikapata janga.

Hatua ya 8: Virudie, na uvitazame na wenzako

Toa kitabu kimoja kila wiki na ukiache mezani kikiwa wazi. Funua ukurasa kila asubuhi. Picha uliyoipita haraka itapata nafasi yake ikikaa mbele yako kutwa nzima.

Jioni moja alika watu wawili watatu, kila mmoja aje na kitabu. Anayekileta afunue kurasa polepole na anyamaze mpaka mwisho. Wengine waseme kwanza. Watoto wakiwepo waache waseme pia, wanaona vitu ambavyo sisi tumeshajizuia kuviona. Watu wasizidi watano, vinginevyo wa nyuma hawaoni kitu.

Na mara moja kwa mwaka, pitia rafu. Kitabu ambacho hukukigusa, na hukumbuki picha yake hata moja, kiuze au mpe mtu atakayekifungua. Kabla hajaondoka nacho, kipitieni pamoja mara moja, kuanzia jalada hadi jalada. Ukiona hutaki tena kukitoa, mwambie ukweli, mpe kingine.